Watoto Kumi na Wanane, Mbao Kumi na Nane

Mwalimu Faradji alichukua watoto niliowatoa ghalani akawafanya wake, na mbao zao zilizobaki ndani akanitupia mimi. Hilo ndilo kosa nililofanyiwa Kasongo. Watoto kumi na wanane walitoka hai kwa mkono wangu, mji ukasema wameokolewa na karama ya mwalimu. Mbao zao kumi na nane za kuandikia, za chuo cha Kurani, zilifukiwa na ukuta, mji ukasema zimefukiwa na Faida, mpishi, mshenzi asiyejua thamani ya neno la Mungu.

Faida ni mimi. Sijui kusoma. Anayeandika haya ni Nuru binti Ramazani, aliyekuwa mmoja wa watoto wale, na nimemwambia aandike kama ninavyosema, hata pale ambapo yeye mwenyewe hatapapenda.

Nilizaliwa kwa Wabangubangu, upande wa Lusangi. Nililetwa Kasongo ningali msichana, na namna wasichana walivyoletwa Kasongo miaka ile kila mtu anaijua. Bwana wangu alipokaribia kufa aliniacha huru mbele ya mashahidi. Mume wangu alikuwa mpagazi, akaenda Ujiji na mzigo wa pembe, mzigo ukafika, yeye hakurudi. Nilibaki na mtoto mmoja, Subira. Ndipo nikaenda kwa Mwalimu Faradji nikamwambia: nitapika, nitateka maji, nitafagia chuo chako, nawe usinipe kitu. Mfundishe mwanangu mpaka ahitimu. Akakubali. Mkewe, Bibi Amisa, alikuwa amekaa pale akichambua mchele, akasema, "Mutoto wa mpishi atasoma?" Mwalimu akamjibu, "Ahadi ni ahadi."

Nikafanya kazi pale miaka miwili. Subira alianza na Alhamdu, akapanda sura moja baada ya nyingine. Jioni alikuwa akinisomea, nami nasonga ugali, siku nyingine ugali unaungua kwa kuwa nimesahau mwiko mkononi. Alifika Alamu Nashraha. Mwalimu alimwandikia nusu ya sura ile kwenye ubao, kwa wino wa masizi ya chungu changu mwenyewe.

Sasa niseme habari ya mvua, kwa maana ugomvi wetu ulianzia kwenye mvua.

Chuo kilikuwa barazani. Mvua ikija, mwalimu aliwaingiza watoto wote katika ghala lake la zamani, lililokuwa likiwekwa pembe. Ghala la pembe halina dirisha, kwa sababu dirisha ni njia ya mwizi. Kuta zake zilikuwa za udongo mnene, paa la majani, mlango mmoja wenye komeo la nje. Aliwafungia humo mpaka mvua ikome, iwe saa moja au iwe kutwa.

Sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza nilikuwa naiheshimu. Maandishi ya ubao hayaoshwi ovyo. Mtoto akishajua somo lake, huosha ubao kwa maji safi ndani ya bakuli, na maji yale hunywewa au humwagwa kwenye shina la mgomba, mahali pasipokanyagwa. Ubao ukipigwa na mvua, maneno yanashuka mpaka chini na watu wanatembea juu yake. Hapo mwalimu alisema kweli.

Ya pili sikuiheshimu, na leo pia siiheshimu. Alisema mvua inaleta homa, na kwamba watoto wa waungwana hawachezi mvuani. "Hiyo ni michezo ya washenzi," alisema.

Nilimwambia, "Mwalimu, mimi nimekua mvuani. Sisi sote kwetu tumekua mvuani."

"Ndiyo maana uko mpishi," akasema, na watoto wakacheka kwa sababu yeye alicheka.

Lakini nani aliyekuwa akiwapangusa pua watoto wale? Ni mimi. Niliwaona wakitoka ghalani macho mekundu kwa moshi wa mwenge wa kusomea, wanakohoa, mmoja amempa mwenzake mafua na mwenzake amempa wa tatu. Mvua haimuui mtoto anayekimbia. Kinachomuumiza ni nguo mbichi anayokaa nayo, na tumbo lisilo na kitu cha moto. Mtoto atolewe nguo, iwekwe pakavu. Akimbie mpaka jasho limtoke ndani ya mvua yenyewe. Radi ikianza, aingie. Akiingia, apanguswe, avae nguo yake kavu, apewe uji wa moto. Baada ya hapo utamfundisha na atasikia. Hiyo ndiyo elimu yangu, na sijaona mtu wa kuipinga ila kwa matusi.

Siku yenyewe ilikuwa ya tatu ya mvua isiyokatika. Mwalimu aliitwa kwenye ndoa, upande wa pili wa mji. Aliwafungia watoto, akaniambia, "Faida, komeo hili lisiguswe mpaka nirudi." Bibi Amisa alikwenda pia. Nikabaki mimi na chungu changu.

Nilisikia vikohozi, kisha ugomvi, kisha kilio. Halafu Nuru akaanza kugonga mlango. Alikuwa na miaka tisa na mdomo wa mtu mzima.

"Mama Subira! Tufungulie!"

"Mwalimu amesema nini?"

"Amesema tusome."

"Basi someni."

"Mwenge umezimika. Herufi hatuzioni. Tunasoma kwa pua?"

Nilicheka, na mtu akishacheka hawezi tena kuwa mlinzi. Nikasogea mlangoni. Kule ndani kulikuwa na pumzi za watoto kumi na wanane na moshi wa mwenge uliokufa, na mwanangu akiwa miongoni mwao. Nje mvua ilikuwa nzuri, bila radi, mvua ya kunyesha tu. Nikatoa komeo.

"Vueni nguo, nileteeni jikoni," nikasema. "Mbao ziacheni ndani, juu ya mkeka, maandishi yaangalie chini. Atakayetoka na ubao mvuani nitamrudisha."

Naomba mtu akumbuke maneno hayo. Mbao zilibaki ndani kwa sababu nilizichunga zisiloweshwe.

Walitoka kama kuku waliofunguliwa asubuhi. Mmoja tu hakutoka, Hawa, binti wa mwalimu mwenyewe, mdogo kuliko wote. Alikaa juu ya mkeka amekumbatia ubao wake.

"Baba atanichapa," akasema.

"Atanichapa mimi kwanza. Nitazame nilivyo mnene. Mpaka amalize kwangu, mkono wake utakuwa umechoka."

Hakucheka. Nikamtoa ubao mikononi, nikaulaza pamoja na nyingine, nikambeba begani akipiga mateke. Uani nikamweka chini ya maji yanayomiminika kutoka paani. Alinyamaza. Kisha akafungua mdomo, akayanywa, akaanza kuzunguka kama pia.

Walicheza. Walitengeneza njia ya utelezi kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye migomba, wakawa wanateleza kwa makalio. Subira na Nuru walishikana mikono wakaanguka pamoja. Walitunga wimbo palepale:

"Mvua, nikune mgongo,
mama ana unga mikononi!"

Nilikuwa nimeinama nikikoroga uji niliposikia kishindo, kama magunia mengi ya mpunga yameangushwa kwa pamoja. Nilipoinua kichwa, ukuta wa ghala wa upande wa mlima haukuwapo. Paa lilikaa kidogo hewani, kisha likashuka taratibu juu ya mkeka.

Niliwahesabu. Nikahesabu tena kwa kuwagusa vichwa, kwa kuwa wote walikuwa na rangi moja ya tope. Kumi na wanane. Nikakaa topeni katikati yao, na Hawa akaja kunikalia mapajani akauliza kama uji umeiva.

Sikujua kwamba ukuta utaanguka. Sijawahi kusema nilijua. Sikuota ndoto, sikusikia sauti. Nilijua jambo moja tu, kwamba watoto wanahitaji kutoka, na mvua si adui yao. Jambo hilo moja lilitosha.

Mwalimu alikuja mbio na wanaume wa ndoani, kanzu zimewaganda miguuni. Kitu cha kwanza alichoona ni watoto uchi wenye tope, akainua fimbo yake. Cha pili alichoona ni ghala. Fimbo ikashuka yenyewe. Alimtazama Hawa. Nilidhani atalia, na kama angelia ningemsamehe mambo mengi.

Ramazani, baba yake Nuru, mfanyabiashara mwenye sauti, akauliza, "Nani amewatoa?"

 Mwalimu alinitazama mimi. Kisha akatazama pembeni, akasema polepole:

"Tangu alfajiri moyo wangu ulikuwa mzito. Niliacha neno kwamba mvua ikizidi, watolewe."

"Allahu akbar!" akasema Ramazani. "Alijua! Mwalimu alijua!"

Nikasema, "Mwalimu, uliniambia komeo lisiguswe."

Sikusema kwa nguvu, lakini walisikia.  Mwalimu alikwenda kwenye kifusi, akachimba kwa mikono, akatoa kipande cha ubao kilichopasuka, wino umechanganyika na udongo. Akakibusu. Akageuka.

"Na maneno ya Mungu?" akasema. "Nani ameyaacha ndani yazikwe?"

Sasa jibu likawa na mtu wake. Vidole vyote vilinielekea. Watu walewale waliosema mwalimu ndiye aliyewatoa watoto wakasema mpishi ndiye aliyeziacha mbao. Mlango ni mmoja, komeo ni moja, mkono ni mmoja. Waliugawa katikati, wakachukua upande mzuri.

Nikamgeukia Nuru. "Sema, mwanangu. Nani alifungua?"

Nuru alimtazama baba yake. Akatazama chini. (Andika, Nuru. Usiruke.)

Subira peke yake ndiye aliyesema. "Mama yangu ndiye aliyefungua!" Mtu mmoja akamwambia, "Nyamaza, mutoto wa jikoni," nao wakacheka.

Kesho yake Bibi Amisa alinikuta nafunga mkeka wangu. Alikuwa amelia usiku, macho yalimvimba. Alinishika mkono, maana alijua ni nani aliyembeba binti yake.

"Faida, nyamaza tu," akasema. "Mutu wa jikoni hapewi karama. Mji hautakubali."

"Na wewe, bibi? Unakubali?"

"Mimi iko mke wake."

Nikaondoka Kasongo na Subira tukafuata njia ya Kabambare, siku nyingi za tope. Lakini sikutaka mtu aseme nimekimbia na deni. Kabambare nilimwomba fundi anikopeshe tezo, nikachonga mbao kumi na nane za mvule, nikazisugua kwa majani makali mpaka zikawa laini kama kiganja. Kazi hiyo ilichukua kiangazi kizima, na vidole vyangu viwili havinyooki tena sawasawa. Nikazipeleka Kasongo kwa msafara, mikononi mwa mtu ninayemwamini. Aliniletea jibu: mwalimu amezipokea, watoto wanaziandikia. Neno la kwangu halikuwemo.

Tangu hapo imepita miaka saba. Nalima mpunga wangu, nafinyanga vyungu, na Kabambare hapana mtu ananiita mshenzi mara mbili. Mvua ikinyesha, watoto wa jirani huja uani kwangu bila kualikwa. Mama zao mwanzoni walinikemea. Siku hizi huwaleta wenyewe na nguo kavu zikiwa zimefungwa ndani ya jani la mgomba. Sijazika hata mmoja wao kwa ajili ya mvua. Subira ameolewa, ana mtoto, naye humtoa nje.

Nuru aliletwa huku kwa ndoa mwaka jana. Alipita mlangoni kwangu mara nne kabla ya kuingia. Alipoingia alilia, nikampa kiti, nikamwambia kulia ni rahisi, alete karatasi.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba Mwalimu Faradji huisimulia karama yake kila maulidi, na kila mwaka moyo wake unazidi kuwa mzito tangu alfajiri. Amejengewa ghala jipya. Nikamuuliza kama lina dirisha. Halina. Nikamuuliza, mvua ikija? Akasema, anawafungia.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata kazi. Jina langu ningeweza kuliacha kwenye kifusi kile. Lakini mtu aliyeiba ukweli wa siku ile ameiba na fundisho lake pia, na leo kuna watoto wengine nyuma ya komeo kwa sababu mji umeaminishwa kwamba mwalimu huwa anajua.

Basi karatasi hii inakwenda kwa Ramazani, asomewe barazani kwake, kwa mwandiko wa binti yake mwenyewe. Mbao nimeshalipa. Ramazani na wazazi wenzake wananidai nini? Hakuna. Wao ninawadai dirisha katika ghala lile na komeo litolewe. Hawa, ambaye sasa ni mkubwa, simdai kitu, aliomba uji nikampa. Nuru nilimdai aandike, na ameandika.

Anayebaki ni Mwalimu Faradji. Namdai neno moja mbele ya watu walewale: "Faida ndiye aliyefungua." Na Subira anamdai, kwa ahadi aliyoitoa mbele ya mkewe akichambua mchele, nusu ya pili ya Alamu Nashraha, na sura zote zinazofuata.