Rangi Ambayo Haikupotea

Mama yangu tulimzika Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, siku ya Jumanne, na Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeketi kwenye benchi langu la kazi Kakoba, mjini Mbarara, nikifungua redio ya mteja. Sikumwambia tajiri wangu kwamba mama amekufa. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku tatu kwa jambo la nyumbani, akanipa, nikarudi siku niliyoahidi. Niliona maelezo hayo yanatosha.

Asubuhi ya kuondoka Nakivale, shangazi yangu, dada ya baba, alinisindikiza hadi kwenye pampu ya maji. Kwetu watu wa nyumba yenye msiba hawashiki jembe mpaka siku ya nane, ndipo tunatoka matanga. Ardhi iliyopokea mtu haipigwi chuma upesi.

"Wewe hulimi," aliniambia. "Jembe lako ni hiyo bisibisi. Iweke chini mpaka tutoke."

Nilimjibu kwamba bisibisi haichimbi udongo.

"Nimeshasema," akajibu, akaweka ndoo yake chini ya bomba.

Nilikuwa na sababu ya kurudi haraka. Kibali changu cha kukaa nje ya kambi kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi, na mkuu wa kambi hakuongeza kibali cha mtu asiye na barua ya mwajiri. Hajji, yule tajiri wangu mwenye duka, alikuwa ameahidi kuniandikia. Bila barua hiyo ningerudi Nakivale kulima maharage, na kazi niliyojifunza kwa miaka sita, kwa kitabu kimoja kisicho na jalada na kwa kuharibu vitu vya watu, ingeishia hapo. Mwanzoni niliitaka barua hiyo kwa ajili ya mama pia, nimpangie chumba awe karibu na hospitali. Sasa niliitaka kwa ajili yangu peke yangu. Nilishangaa kidogo kuona kwamba naitaka vilevile.

Hajji aliuza vitambaa na redio upande wa mbele, na nyuma ya duka ndiko alikoishi na familia yake. Sebuleni kulikuwa na televisheni ya rangi, ya pekee katika mtaa wetu wakati ule. Kila Jumamosi saa moja jioni majirani waliingia, wakavua viatu mlangoni, wakakaa kwenye mkeka kutazama mchezo mmoja wa ng'ambo wa mfululizo. Ulikuwa juu ya daktari mjane na mabinti zake wawili. Wengi hawakufuata Kiingereza chake. Walikuja kwa ajili ya nguo za mabinti. Mke wa Hajji aliwahi kuwashonea watoto wake magauni mawili ya manjano kwa kuiga alichoona humo.

Jumamosi ile picha ilianza ikiwa na mikwaruzo, na Hajji akanituma nje nikageuze mlingoti wa antena. Niliugeuza polepole, mtoto akinipigia kelele dirishani: "Bado! Bado! Hapo!" Niliporudi ndani mtangazaji alikuwa ameshamaliza kusema, na mchezo umeanza. Picha ilikuwa safi. Ila haikuwa na rangi.

Daktari yule yule alikuwa amevaa joho refu. Nyumba yake imekuwa ngome yenye ngazi za mawe, nje kuna ukungu, na binti mkubwa anashuka ngazi na mshumaa. Vyote vilikuwa vya kijivu.

"Haa! Hajji," alisema mke wa sajenti, mwanamke wa kambi ya jeshi aliyekuja kila juma na mtoto mgongoni. "Rangi yako imekwenda wapi? Imepata likizo?"

Watu wakacheka.

"Labda daktari amefilisika," akasema jirani mmoja. "Ameuza rangi."

"Fundi si yupo hapa?" Hajji akasema. Hakucheka. "Fundi, hebu tazama."

Nilizungusha kitufe cha rangi hadi mwisho. Hakuna kitu. Nikarekebisha stesheni kidogo upande huu na upande ule. Hakuna. Kitabu changu kilisema kwamba televisheni ya rangi ikikosa alama fulani inayotumwa pamoja na picha, hujifunga yenyewe na kuonyesha nyeusi na nyeupe tu. Kwa hiyo ama alama ilikuwa haifiki, ama sehemu inayoipokea ilikuwa imehama kutoka kipimo chake. Antena nilikuwa nimetoka kuishika. Nikahitimisha kwamba ni hiyo sehemu ya ndani.

Nieleze jambo moja, kwa sababu nimelifikiria mara nyingi tangu hapo. Kwa kawaida sikuwa nafungua televisheni ya mtu ikiwa inatazamwa. Kwa kawaida ningengoja kipindi cha pili, nione taarifa ya habari inatokeaje, kisha ndipo niamue. Kungoja huko kungekuwa kwa nusu saa. Sikungoja. Nilichukua bisibisi na kioo cha kunyolea cha Hajji, nikaenda nyuma ya televisheni na kufungua kifuniko, huku wengine wanaendelea kutazama.

Kutoka kule nyuma niliona picha kwa kioo, ikiwa imegeuka kushoto kulia. Jeneza lilikuwa katikati ya chumba. Kifuniko kilianza kuinuka. Wanawake walipiga yowe, mtoto wa mke wa sajenti akaanza kulia, mtu akasema, "Astaghfirullah, zima hiyo kitu!" na hakuna aliyezima. Mkono ulitoka, halafu uso wa daktari, mweupe kama umepakwa unga. Nakumbuka nilichofikiri. Nilifikiri kwamba kijivu cha uso na kijivu cha ukuta vimetofautiana vizuri, kwa hiyo sehemu ya picha ni nzima, na ubaya uko kwenye rangi peke yake.

Ndani ya koili ya rangi, waya mwembamba uliozungushwa kwenye kimrija, kuna kijiti kidogo cheusi ambacho huzungushwa kurekebisha. Huzungushwa kwa ufunguo wa plastiki. Ufunguo wangu wa plastiki ulikuwa dukani, kwenye droo, hatua kumi na tano kutoka pale. Nilitumia bisibisi ya chuma. Kijiti kilizunguka nusu, kisha kikavunjika kimyakimya, kama chaki.

Nilirudisha kifuniko. Nilimwambia Hajji kwamba kazi inahitaji mwanga wa mchana.

Jumapili taarifa ya habari ilikuwa nyeusi na nyeupe. Wanafunzi waliokuwa wakiimba kwaya walikuwa weusi na weupe. Hajji alinitazama, akatazama televisheni.

Jumatatu asubuhi mke wa sajenti alipita dukani kununua zipu.

"Fundi, wewe ulihangaika bure," alisema. "Hata ile ya mess, kule bwalo la maafisa, ilikuwa bila rangi. Afisa mmoja akatuambia, mtangazaji alieleza mwanzo kabisa. Wametengeneza hivyo makusudi! Wanakumbuka sinema za kizamani, zile za kutisha, zilikuwa hazina rangi. Sasa daktari wanamfanyia ya zamani juma moja tu. Jumamosi hii anarudi na rangi yake."

"Kwa hiyo haikuwa imeharibika," nilisema.

"Haikuwa na ugonjwa! Wewe ulipasua mgonjwa mzima." Akacheka sana, akachukua zipu, akaondoka.

Nilikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Ningeweza kusema kwamba koili ilikuwa mbovu tangu zamani. Hajji asingejua. Hakuna mtu Mbarara nzima niliyemfahamu ambaye angeifungua na kunikanusha. Ningepata barua yangu. Nililipima hilo kama ninavyopima nyaya, na sioni kwamba dhamiri ndiyo iliyonizuia. Nilichoka tu kufikiria namna ya kulisema.

Hajji aliporudi kutoka msikitini nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mke wake amesimama kwenye mlango wa uani na sahani mkononi.

"Umevunja kitu kizima," Hajji alisema.

"Ndiyo, Hajji."

"Kwa bisibisi ya chuma. Wewe ndiye uliyeniambia chuma hakiingii mle."

"Ndiyo."

"Miaka miwili uko hapa. Redio ya mtu huifungui mpaka umemuuliza maswali kama polisi. Juzi ulikuwa na nini?"

Sikuwa nimepanga kujibu swali hilo. "Mama alikufa," nilisema. "Tulimzika Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Hii iliyopita."

Mke wake aliweka sahani chini. "Innalillahi," alisema kwa sauti ndogo.

Hajji alivua kofia yake, akaiangalia, akaivaa tena. "Jumamosi ulikuwa kwangu. Watu wanapiga kelele kwa jeneza la uongo. Wewe unatafuta rangi."

"Ndiyo, Hajji."

"Hukuniambia. Sisi hapa ni nani kwako? Wanyama? Mke wangu huyu angekaa na kupika wali wake Jumamosi, na wewe una maiti?" Alikuwa na hasira kweli. "Mnatoka matanga lini?"

"Kesho."

"Basi nenda sasa hivi. Lori la mkaa linaondoka saa tisa."

Ndipo nikauliza habari ya barua. Najua lilivyosikika. Mke wake aligeuza uso.

"Kwanza nenda," Hajji alisema. "Bisibisi acha hapa."

Nilifika Rubondo jioni. Shangazi hakuniuliza kama niliishika bisibisi. Asubuhi watu walinyolewa nywele, na nikapewa jembe nilime kwanza, kwa kuwa ni mtoto pekee. Nililima kwenye shamba la mama. Mistari yake ya maharage ilikuwa imepinda kuelekea kwenye njia. Nilianza kuunyoosha mmoja, nikalima hatua tatu hivi, kisha nikauacha.

Jumatano nilirudi Kakoba. Barua ilikuwa juu ya benchi, kwenye bahasha iliyofungwa, na bisibisi imewekwa juu yake isipeperuke. Koili niliiagiza Kampala, haikuja. Nyumba ile iliendelea kutazama mchezo wa daktari bila rangi zaidi ya mwaka mmoja, na kila Jumatatu mke wa sajenti aliwaeleza nguo za mabinti zilikuwa za rangi gani kwenye televisheni ya mess.

Ijumaa nilipeleka barua kwa mkuu wa kambi. Karani wake aliifungua, akaisoma kwa sauti kama alivyosoma zote. Hajji aliandika kwamba mimi ni fundi wake, kwamba ananihitaji, na kwamba nilikosekana kazini kwa sababu ya kufiwa na mama yangu mzazi. Hapo karani aliacha kusoma. Aliniangalia.

"Pole sana, fundi."

Nikamwambia asante, nikamwonyesha mahali pa kugonga muhuri.