Shangazi wa Kulipwa

Bi Siti hana mtoto wala ndugu hapa Kibiti. Alipostaafu unesi alipanga chumba jirani na genge la mama yangu, akabandika karatasi mlangoni: tunauguza wagonjwa majumbani. Akamwajiri Saidy, kijana mwenye nguvu za kunyanyua watu na mdomo usiopumzika.

Wateja walipatikana, na mwezi wa kwanza kila mtu alilipa. Tabu ilikuwa mwezi wa pili. Mgonjwa akishaoshwa, akageuzwa, kidonda cha mgongoni kikakauka, wenye mgonjwa wanaanza kumwita Bi Siti shangazi. Na kwetu ndugu halipwi kwa kuuguza. Ukimpa hela ni kama umemfukuza. Basi wanamletea mchele wa Mohoro na kambale wakavu, naye anapokea, uso umemchangamka. Alikuwa anapenda kuitwa vile.

"Shangazi wa wilaya nzima," Saidy alimwambia. "Mshahara wangu nikaudai kwa mjomba gani?"

"Subiri, mwanangu."

"Haya, na mimi nishakuwa mwanao. Ndiyo silipwi tena."

Saidy akaenda zake Nyamisati kupakia boriti za mikoko. Mwenye nyumba naye akasema kodi isipopatikana mwezi huu, chumba anampa fundi simu. Fundi alishakuja kupima ukuta.

Ndipo akaja Hemedy wa Mbwara, ambaye mama yake kapooza upande mmoja. Bi Siti alikuwa amemuuguza mwezi mzima. Hemedy akatua kiroba cha mchele mlangoni.

"Shangazi, mama kasema Idi uje ule kwetu. Kasema wewe sasa ni wa kwetu."

Bi Siti akakitazama kile kiroba.

"Hemedy, mimi si shangazi yako. Ni muuguzi wa mama yako, na mwezi umeisha."

"Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea."

Hemedy akatoa hela mfukoni, akaziweka mezani. Akabeba kiroba chake. "Ahsante, muuguzi," akasema, akaondoka.

Kodi ikalipwa. Fundi simu akapata chumba kwingine.

Siku ya Idi ofisi ilikuwa wazi, Bi Siti kakaa peke yake. Mama akanipa sahani ya pilau, nikampelekea. Hakuinua uso.

"Bei gani?" akauliza.

Nikamwambia si ya kuuza. Akaipokea, akaishika mapajani bila kuifunua, mpaka nikaondoka.