Kikombe Kilichoachwa Wazi

Saa nne kasorobo asubuhi, Jumamosi ya Bwalo, simu ya mke wangu ililia wakati tunapakia sufuria ya makande kwenye gari. Aliyepiga alikuwa binti wa mzee wetu wa Croydon, kusini mwa London. Mke wangu alisikiliza akiwa amesimama kando ya barabara, mfuniko wa sufuria mkononi, akasema "Pole sana, mdogo wangu," mara mbili, kisha akanigeukia.

"Mzee haji. Nesi amemwona asubuhi hii, amesema asitolewe kitandani."

Wote wawili tulijua mzee yule alitaka kufanya nini siku hiyo, na kwamba huenda asingepata siku nyingine ya kufanya hivyo.

Mke wangu alisoma chuo cha ualimu katika mji mdogo wa nyanda za juu, kusini mwa Tanzania. Mji wenyewe ni chuo na vitu vinavyokizunguka: barabara moja, soko, kanisa, msikiti, na baridi ya mwezi wa sita inayofanya maji ya bomba yaume meno. Kila mwaka, mwezi huo, waliosoma pale hurudi kwa siku moja. Siku hiyo huitwa Siku ya Bwalo, au Bwalo tu, kwa sababu kila kitu hufanyika katika bwalo la chakula. Walioko London, ambao hawawezi kurudi kila mwaka, hukodi ukumbi Ilford, mashariki mwa jiji, na kufanya Bwalo lao huko. Mimi sikusoma chuo hicho wala chuo kingine chochote. Nimemuoa dada yao, kwa hiyo wananiita shemeji, na kwa miaka mingi kazi yangu siku hiyo imekuwa kupanga viti na kubeba sufuria.

Bwalo lina desturi zake. Huingii kwa mlango wa mbele. Unaingia kwa mlango wa jikoni. Kabla ya kuketi unapewa uji wa mahindi usio na sukari, katika kikombe cha bati, na unaunywa umesimama. Halafu daftari la mahudhurio linasomwa, darasa kwa darasa, kuanzia la kwanza kabisa. Aliyepo anaitika "Nipo." Jina la asiyekuwepo likiitwa, yule aliyekaa naye dawati moja anagonga kikombe chake mezani.

Hapa London kugonga huko kulikuwa kumegeuka mchezo. Jina la mtu aliyekwama kwenye treni likiitwa, ukumbi mzima uligonga, watoto wakizidisha, na mchelewaji alipotokea mlangoni alipokewa kwa kelele za bati. "Gonga huyo! Alikuwa bado anachagua viatu!" Katikati ya kelele hizo, mzee wa Croydon, mtu pekee wa darasa la kwanza aliyebaki katika jiji hili, aligonga kikombe chake kwa jina moja tu, akakiweka chini, akanyamaza mpaka chakula.

Mwezi wa tatu kamati iliniomba niandike ukurasa mmoja kuhusu chanzo cha desturi hizi, ili watoto wausome. Walijua kwamba siku zangu za mapumziko huwa nakaa maktaba na vitabu vya historia, na pia hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Nilianza kwa kuuliza kila aliyekuwa tayari kuzungumza. Wengine walisema mlango wa jikoni ulichaguliwa na mkuu wa chuo wa kwanza ili walimu wasijione wakubwa kuliko wapishi. Mmoja alisema ilikuwa adhabu ya wachelewaji iliyozoeleka. Kuhusu uji usio na sukari, karibu wote walisema ni kumbukumbu ya miaka ya vita na uhaba, lakini wale waliosoma kabla ya vita hivyo walikuwa tayari wameukuta. Majibu hayakulingana, kwa hiyo nikaenda Croydon.

Mzee aliishi na binti yake katika fleti ya chini, karibu na kituo cha tramu. Nilimkuta kwenye kiti cha dirishani, blanketi magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe. Naona umekuja na kalamu kama polisi." Yeye peke yake aliniita mkwe, kwa kuwa watu wa darasa la kwanza hujihesabu wazazi wa madarasa yote yaliyofuata.

Nilimuuliza kwa nini mlango wa jikoni.

"Kwa sababu ule wa mbele ulikuwa na utepe," alisema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mwaka mmoja baada ya darasa la kwanza kumaliza, bwalo jipya lilikuwa tayari kufunguliwa, na mkuu wa chuo aliwaandikia vijana wake wote, popote walipopangiwa kufundisha, waje kushuhudia. Walifika asubuhi na mapema, wamejikunyata kwa baridi. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa utepe unaomsubiri mgeni rasmi, kwa hiyo mpishi akawapitisha jikoni. Aliwapa uji. Sukari haikuwepo stoo wiki hiyo. Walikunywa wamesimama kwa kuwa mabenchi yote yalikuwa yamekwisha kupangwa ndani kwa ajili ya sherehe.

"Basi," mzee alisema. "Andika hivyo hivyo. Hakuna siri."

"Na kugonga kikombe?"

Tramu ilipita, ikasimama, ikaondoka.

Mwenzake wa dawati alikuwa amepangiwa shule ya mbali, bondeni, na alikuwa aje na lori la mizigo kabla ya sherehe kuanza. Mpishi alimmiminia uji wake mapema na kuuweka juu ya meza ya jikoni, kando ya kikombe cha mzee. Uji ulipoa, ukashika utando. Kisha akaja mtu kwa baiskeli na kusema kuna lori limeanguka kwenye miteremko, na kwamba kijana mmoja mwalimu amefariki. Jikoni pale kulikuwa na sheria: mtu akimaliza kunywa, kikombe chake hufunikwa kifudifudi kwenye meza ili mpishi ajue cha kuosha. Mpishi, akilia, alianza kuvifunika vikombe vyote kimoja kimoja. Alipofika kwenye kile, mzee alimshika mkono.

"Nilimwambia, 'Mama, hicho kiache wazi. Hajanywa.'"

Sherehe haikuahirishwa, mgeni rasmi alikuwa amekwisha fika, na mkuu wa chuo alikuwa bado hajapata habari. Alisoma daftari la mahudhurio kama alivyokuwa amepanga, ili mgeni awaone vijana wa kwanza wa chuo. Alipofika kwenye jina lile, palikuwa kimya. Akalirudia.

"Nilitaka kusema hayupo," mzee aliniambia. "Mdomo ulikataa. Nilikuwa nimeingia na kikombe changu mkononi, nikakigonga mezani. Mkuu akanitazama, akaelewa, akaendelea na jina langu."

Mwaka uliofuata mkuu aliwaita tena, akasoma daftari lile lile bila kufuta kitu, na mzee akagonga tena. Miaka ikapita, wengine nao wakafiwa na wenzao wa dawati, wakagonga. Na hapo pakazaliwa kanuni ambayo watu wa London walikuwa wameisahau kabisa: siku utakayokuwa tayari, mwenzako akiitwa unagonga, kisha unakifunika kikombe, na baada ya hapo jina lake halisomwi tena. Ni mwenzake wa dawati tu anayeweza kufunika, tena mbele ya daftari na mbele ya mkutano. Akifa kabla hajafunika, jina linabaki wazi, na hakuna mwenye haki ya kulifunga.

"Wewe hujafunika," nilisema.

"Sijafunika. Kila mwaka nasema mwakani. Sasa nimechoka, mkwe. Nimemsimamisha yule kijana jikoni maisha yangu yote. Mwaka huu nataka nimwache aketi."

Nilimuuliza kwa nini, miaka yote hiyo Ilford, hakuwaambia watu walichokuwa wanakichezea.

"Wanagonga, au hawagongi?"

"Wanagonga, lakini wanacheka."

"Na yeye alikuwa mcheshi kuliko hao. Waache."

Niliandika ukurasa wangu na kuukabidhi kamati. Kwa hiyo Jumamosi ile, tulipofika ukumbini na kutoa habari, mwenyekiti alikwisha jua ni jambo gani limekwama. Yeye ni mkunga mstaafu, mama mwenye utaratibu, na hapendi mambo ya ghafla. Alisikiliza huku akipanga vikombe.

"Tumpigie kwa video," alisema. "Tunamweka kwenye skrini, anafunika, sote tunaona."

"Binti yake ameshamuuliza, dada," mke wangu alisema. "Amejibu, 'Sikumsubiri kwa simu.'"

"Mzee huyu ni mkaidi!"

"Alitufundisha ukaidi bure, hakututoza ada."

Watu walicheka kidogo. Mwenyekiti hakucheka. Alituuliza kama tumesoma mkataba wa ukumbi: ukiuacha siku yenyewe, kodi hurudishiwi, na dhamana nayo wanaichukua. Watoto walikuwa na njaa. Wengine walikuwa bado njiani kutoka Luton na Reading. Alikuwa na haki katika kila alilolisema.

Mtu mmoja alipendekeza waende wawili watatu na daftari, wengine wabaki.

"Daftari halisomwi kwa watu watatu," mwenyekiti akajibu papo hapo, kwa ukali, kana kwamba ametukanwa. Nadhani alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Alifuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akaenda kwenye boksi, akatoa daftari na kulikumbatia kifuani.

"Uji uko kwenye chupa gani?" aliuliza. "Na nani ana gari la viti saba?"

Wenye watoto wadogo na sufuria walikwenda kwa magari. Sisi wengine tulipanda treni ya Elizabeth hadi Farringdon, tukabadilisha kwenda East Croydon, kisha tramu, na chupa za uji kwenye mifuko ya madukani na vikombe vya bati vikigongana kila treni ilipokata kona. Abiria mmoja alituuliza kama tunakwenda harusini.

"Tunakwenda shule," mwenyekiti alimjibu.

Binti wa mzee alikuwa ametufungulia mlango wa nyuma, wa jikoni, bila kuambiwa. Tuliingia humo mmoja mmoja, tukanywa uji kwa zamu, tukajaza jiko, ukumbi mdogo wa fleti, na ua wa nje mpaka kwenye mapipa ya taka. Mzee alikuwa ameegemezwa kwa mito, mlango wa chumba chake wazi, trei ya mbao mapajani na kikombe chake juu ya trei. Alikuwa amepungua sana tangu nimwone. Kila aliyepita mlangoni alimwamkia, na kila mmoja alijibiwa.

Mwenyekiti alisimama ukumbini, mahali ambapo sauti yake ingefika chumbani na uani pia, akaanza darasa la kwanza. Alisoma jina, akangoja, akasoma lingine. Karibu wote walikuwa wamefariki, na waliokaa nao madawati walikuwa wamefariki au walikuwa mbali, kwa hiyo hapakuwa na wa kugonga. Mtoto mmoja alimuuliza mama yake kwa Kiingereza kwa nini leo hakuna anayegonga. Mama yake akamvuta karibu na kumshika mkono wenye kikombe.

Kisha likasomwa jina lile.

Mzee aligonga. Mlio ulikuwa mdogo, wa bati juu ya mbao, lakini kila mtu aliusikia. Akakaa amekishika kikombe. Mwenyekiti hakusoma jina lililofuata. Binti wa mzee alisogea amsaidie, mzee akamkatalia kwa kichwa. Alikigeuza polepole kwa mikono miwili, akakifunika kifudifudi kwenye trei. Uji uliokuwa umebaki ukamwagika, ukatiririka hadi kwenye shuka, na hakuna aliyethubutu kuufuta.

"Haya, ndugu yangu," alisema. "Keti."

Mwenyekiti akasoma jina lililofuata kwenye daftari, ambalo lilikuwa la mzee mwenyewe.

"Nipo," akaitika.

Darasa kwa darasa tuliendelea mpaka mwisho. Jina la bwana mmoja aliyekuwa bado kwenye foleni ya magari lilipoitwa, nyumba nzima ilikaa kimya, kila mtu akiogopa, mpaka tukasikia sauti kutoka kitandani: "Gonga huyo! Mbona mmelala?" Watoto ndio waliogonga kwanza.

Mzee alifariki mwezi wa nane. Mwakani jina lake litasomwa, na hapatakuwa na wa kumgongea, kwa kuwa mwenzake wa dawati alimtangulia zamani. Litabaki wazi. Nimeliandika hivyo kwenye ukurasa wa watoto, pamoja na utepe, sukari na mabenchi.

Katika kikao cha kufunga hesabu, mweka hazina aliuliza kama tuchange ili kuziba pengo, na hasara ya ukumbi tuliouacha iandikwe chini ya kichwa gani. Mwenyekiti alisema hakuna kuchanga. Iandikwe chini ya gharama za Bwalo, kama mchele na mafuta. Kodi ya ukumbi ilikuwa pauni mia tatu na themanini, dhamana pauni mia moja na hamsini. Tulipoteza pauni mia tano na thelathini.