Nyambizi Sebuleni kwa Bibi

Harufu ya plastiki iliyopata joto la jua ndani ya gari hunirudisha Ibra, mji wetu wa Uarabuni, miaka ya themanini, Ijumaa ile Ami Seif alipoingia na kanda ya video mkononi. Kaichagua dukani kwa picha yake tu: nyambizi inaibuka baharini.

Mimi nilikuwa na cheo nyumbani. Bibi, mzaliwa wa Unguja, hakuyawahi maandishi ya Kiarabu yaliyopita upesi chini ya kioo cha televisheni, basi nikimsomea kwa Kiswahili. Kazi yangu ya pili naona haya kuitaja. Zuwena, mke wa Ami, alikuwa amekuja karibuni kutoka Bujumbura, na kila akisema neno, Bibi hunigeukia: "Kasemaje huyu?" Nami hulirudia neno lilelile kwa lafudhi ya Unguja, watu wakacheka. Ikafika hadi Zuwena akawa anajibu kwa kichwa tu.

Kanda ikaanza. Kifaransa kitupu, na chini hapana hata herufi moja! Nilitaka kulia. Mara sauti ikatoka mlangoni: "Bamemushika munganga kwa nguvu. Banamwambia, huyu mama akipona, utaishi. Akikufa, na wewe kwisha."

Alikuwa Zuwena, aliyesoma Kifaransa shuleni kwao. Tukamvuta katikati ya zulia. Alitupatia kila neno: la nahodha, la Wajerumani waliokimbia vita vilivyowashinda, la yule daktari aliyefungiwa nao chini ya maji. Nilihisi hata sebuleni hewa inapungua! Kahawa ikapoa vikombeni. Bibi kamshika mkono: "Ehe, mwanangu? Ehe?" Mimi hakunigeukia hata mara moja.

Daktari akalifikia boti la mpira ili atoroke. Viatu vya mlinzi vikagonga ngazini, mlinzi akapiga kelele. Zuwena akanyamaza.

"Kasemaje? Wallahi utaniua!" Bibi alimaka.

"Mama," Zuwena alisema polepole, "Kiswahili changu unakisikia?"

Bibi akatazama kioo, akamtazama yeye. "Nakisikia. Tangu siku uliyokuja nakisikia. Haya, yallah, endelea!"

Tulicheka mpaka tukapiga makofi. Nilidhani Zuwena anatuchezea roho tu. Mpaka nilipoolewa mimi mwenyewe, mbali na kwetu, ndipo nilipoelewa kwa nini aliuliza palepale, mlinzi yuko ngazini. Zuwena alijua kanda itakwisha, na ikishakwisha, hapana mtu katika nyumba ile atakayemhitaji.