Honi Isiyosema Tukimbilie Wapi

Kengele ndiyo iliyotangulia. Nilipokea simu nyumbani Mtwara, nikasikia mlio mkali ukijirudia kama ndege aliyenaswa, ndipo sauti ya shemeji yangu Muhidini ikaja nyuma yake.

"Shemeji, njoo umchukue dada yako. Akae kwenu mpaka watengeneze hizi kengele. Mimi hanisikilizi."

Muhidini alikuwa akiangalia visima vya gesi kwenye skrini karibu na Quionga, ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Mama hakuuliza zaidi. Alinifungia begi, akasema nisirudi bila dada yangu Rehema.

Namoto, asubuhi. Askari wa mpakani, mtu wa kusini mwa Msumbiji, aligeuzageuza pasipoti yangu.

"Kazi?"

"Mwandishi wa riwaya."

"Escritor!" Alilirudia neno hilo kwa Kireno, akamwita mwenzake aje anione, wakacheka wote wawili. "Andika basi kwamba huku tumechoka." Akagonga muhuri.

Kutoka hapo nilipanda pikipiki. Njia ilikuwa ya mchanga, na minazi ilisimama juu ya kuta zisizo na paa. Kwenye ua mmoja mtu alikuwa amepanda mchicha ndani ya kilichokuwa chumba cha kulala.

Quionga nilifika mchana. Rehema alikuwa anamenya mihogo, mwanawe Amina amelala mgongoni.

"Mama kakutuma wewe?" alisema. "Hata kuku wa mchuzi hujui kumkamata, utanikamata mimi?"

Kando ya mlango kulikuwa na furushi la kanga. Ndani yake unga, sufuria, vyeti. Kila nyumba ina furushi kama hilo tangu mashambulizi ya waasi yaanze. Ukisikia mlio wowote mkubwa, unabeba furushi na mtoto, unashuka bondeni kwenye vichaka, unalala kifudifudi. Watoto hujifunza hivyo kabla ya kujua kusoma.

"Siendi, kaka," alisema. "Nimeiacha mihogo yangu kila mwaka ikaliwa na nguruwe. Hii nitaila mwenyewe."

Alasiri Muhidini aliniombea ruhusa kwa mlinzi, nikaingia chumba cha mitambo. Ni kontena lenye baridi kali, skrini ukuta mzima. Mwenzake Celso, kijana wa Beira, alikuwa akibonyeza kitufe kunyamazisha kila kengele iliyolia, bila kuinua macho.

"Kazi hii hata nyani anaiweza," Celso aliniambia.

"Nyani angeshaacha kazi," Muhidini alimjibu. Kisha akanigeukia. "Chumvi ya bahari inakula vipimo vya gesi, vinalia kutwa bila sababu. Nimeomba wapunguze kengele za uongo, ibaki ya kweli. Na gesi ya hapa ina sumu, ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini kama maji. Nimeomba honi ya nje ibadilishwe iwe sauti ya mtu, iwaambie watu wapande mwinuko. Wananiambia nisubiri jibu la Maputo."

Alikuwa bado anasema alipoushika mkono wa Celso hewani.

"Ngoja. Hiki na cha jirani yake. Vyote viwili."

Vipimo viwili vya kisima kimoja vilikuwa vyekundu. Cha kwanza kilikuwa kimelia muda mrefu, kikanyamazishwa pamoja na vya uongo. Muhidini alifunga kisima kutoka kwenye skrini, lakini gesi iliyotoka ilikuwa imeshatoka. Honi ya nje ikajiwasha yenyewe.

Kwenye picha ya kamera niliwaona wanawake wakitoka nyumbani na mafurushi. Niliijua kanga ya njano ya Rehema. Hakuna aliyesitasita. Wote walishuka bondeni.

"Juu! Pandeni juu!" Muhidini aliipigia kelele skrini. Alimpigia Rehema, simu ikaita tu. Akachukua barakoa ya gesi, akatoka mbio.

Kwenye kamera nilimwona akimtoa Rehema na mtoto, akawasukuma mpaka kwenye mwinuko. Akarudi kwa jirani yao, bibi kizee aliyekuwa amelala kifudifudi kama alivyofundishwa. Barakoa alimvika yeye. Bibi alipanda. Muhidini hakupanda.

Tulimzika kesho yake kabla ya adhuhuri. Celso alikuja, akasimama nyuma ya safu, akilia bila sauti. Wengine wawili walizikwa siku hiyo hiyo.

Nilichojifunza nakiandika kwa ajili ya walioko nyumbani: mlio unaomwambia mtu kimbia bila kumwambia wapi humpeleka kule anakokujua. Watu wa Quionga walikuwa wanalijua bonde. Muhidini alilisema hilo kwa watu waliokuwa na uwezo wa kubadilisha honi, nao hawakubadilisha.

Siku ya kurudi nilikwenda kumuaga dada. Alikaa mkekani, amejitanda shuka jeupe, Amina amemlalia mapajani.

"Twende, Rehema. Mama anakusubiri."

"Niko eda, kaka. Nitaikalia nyumbani kwa mume wangu."

"Na honi ikilia?"

Alimfunika mtoto miguu. "Mwambie mama nimekula mihogo yangu."

Nilibeba begi, nikatoka uani kwenye jua. Alinyanyuka akanifuata mpaka kizingitini, akaishia hapo. Kisha akausukuma mlango, nikasikia komeo likiingia.