Siku Tuliyomuua Tabibu

Filamu yetu ina dakika arobaini na moja, na kipande watu walichokicheka kuliko vyote ndicho ninachoshindwa kukitazama. Nilikuwepo kikipigwa picha. Tena mie ndiye niliyesababisha kipigwe.

Tulikuwa wanne. Kwa karibu miaka mitatu tulikutana kila Jumapili mchana Tabata, sebuleni kwa rafiki yangu anayepiga video za harusi, tukacheza mchezo ambao mama yangu mpaka leo anauita ule wa kujifanya. Kila mmoja anabuni mtu wake na kuandika kwenye karatasi uwezo wake na udhaifu wake. Mpiga video alikuwa msimulizi. Anakwambia mmefika mtoni, daraja limekatika, mnafanyaje. Unasema utakachofanya, unarusha dadu, na dadu inaamua umevuka au umezama.

Mie nilikuwa mwizi wa farasi. Wiki nzima nakaa mapokezi ya zahanati, naandika majina ya watu wenye homa, kwa hiyo kuiba farasi kulinipumzisha. Dada mmoja wa Moshi, fundi cherehani, alikuwa askari wa upanga. Wa nne alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mzee wa hapahapa mjini. Mara ya kwanza alikuja kulalamikia kelele zetu, akasimama mlangoni kusikiliza mwisho wa vita, akavuta kiti.

Mwalimu alikuwa tabibu. Katika miaka yote ile hakuacha mtu afe. Hata adui tuliyemwangusha wenyewe, yeye alitangaza kwamba anapiga magoti na mkoba wake wa dawa, akarusha dadu. Mkewe alifariki mwaka mmoja kabla hajajiunga nasi, baada ya kuugua muda mrefu. Hakuna aliyelisema hilo mezani, ingawa sote tulilijua.

Filamu ilikuwa wazo la mpiga video, ambaye alikuwa amechoka kupiga maharusi wakilishana keki. Akaandika kichekesho: watu wazima wanne wanacheza mchezo wao ndani ya nyumba ambayo haijaisha kujengwa, mwenye nyumba anakuja na mafundi wa kupaua, wao wanadhani ni jeshi la adui. Tulipokisoma tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tukaamua tuigize wenyewe. Fundi cherehani ana mjomba mwenye nyumba ya namna hiyo Chamazi, akatukubalia tuitumie kila Jumamosi.

Sikujua kwamba kuchekesha kunachosha hivyo. Nyumba haikuwa na paa, jua lilitupata kutoka kila upande, na kofia ya vita ya fundi cherehani ilikuwa sufuria. Jirani akizima muziki wake wa singeli, seremala wa nyuma anawasha msumeno. Sentensi moja tuliirudia mara kumi na tano, mpaka maneno yakawa kama makapi mdomoni. Kufika wiki ya tano hakuna aliyecheka tena. Jumatatu nilikuwa nikiwauliza wagonjwa umri wao mara mbili.

Jumamosi ya nane ilikuwa zamu ya tabibu kufa. Maandishi yalisema anahutubia juu ya kuokoa maisha ya watu, huku anatafuna bisi, anapaliwa, anakufa, na wenzake watatu wanagombania mkoba wake. Mwalimu akasoma, akavua miwani, akasema kwa upole kwamba mtu wake hafi. Mpiga video akamweleza kuwa hii ni filamu tu, huyu si yule wa Jumapili. Wakabishana kwa heshima karibu saa nzima. Mie nilikuwa nimekaa juu ya tofali, miguu inaniuma, nawaza kuoga. Mwishowe nikamfuata Mwalimu kwenye tundu la dirisha alikosimama.

"Mwalimu, sie wote tumechoka," nikamwambia. "Wewe kufa tu mara moja, twende nyumbani."

Akanitazama kidogo, kisha akavaa miwani.

"Haya, mwanangu."

Haikuhitaji kurudiwa. Alishika koo, akaenda chini taratibu, na mkono wake mmoja ukawa unapapasa sakafu, unautafuta mkoba. Hilo la mkono halikuandikwa popote. Mpiga video aliiacha kamera kwenye stendi, na sie watatu tukauvuta mkoba huku na huku kama ilivyoandikwa.

Filamu tuliionyesha kwenye ukumbi wa sherehe, mchana, mapazia yamefungwa. Kicheko kikubwa kilianza pale mkono ulipopapasa. Wamama wawili mbele yangu waliegemeana wakifuta machozi. Binti yake Mwalimu akainuka, akatoka nje. Mwalimu mwenyewe alikaa mpaka mwisho na akapiga makofi.

Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Ya tatu nikaenda kwake. Nikamkuta anachambua mchele kwenye ungo, nikamwamkia, nikakaa kumsaidia. Nilipomwomba radhi, mikono yake haikusimama.

"Siku za mwisho mke wangu aliniambia nimwache, nisimbembeleze kula," akasema. "Nilimkasirikia. Hata baada ya kuzikwa nilimkasirikia. Nilipolala pale chini, jinsi nilivyochoka, nikaona naye alikuwa amechoka tu."

Nikaendelea kuchambua mchele. Baadaye akaniambia hatarudi mezani, na kwamba hana kinyongo na mtu.

Tulijaribu kucheza watatu. Mara ya pili fundi cherehani aliumizwa vitani, msimulizi akauliza nani atamtibu, naye fundi cherehani akakunja karatasi yake. Hatukukutana tena. Mpiga video yuko na harusi zake, na watu bado wanamuuliza sehemu ya pili itatoka lini.

Jumapili nyingine naenda kwa Mwalimu. Tunapika, tunakula, anasikiliza redio. Mara nyingi usingizi unanichukua palepale kitini, naye haniamshi.