Njuguna Alipita Juu ya Daraja

Siku ile asubuhi tulikuwa tunabishana juu ya madaraja, mimi na Njuguna, tukirekebisha banda la kuku nyuma ya nyumba yangu hapa Noonkopir. Mimi ni fundi wa mawe, kwetu ni Machakos. Yeye alikuwa kapenta, wa kupigilia zile mbao zinazoshika zege mpaka ikauke. Miaka ya tisini tulizunguka Kenya hii pamoja tukifuata vibarua vya madaraja. Yeye alisema hakuna kama lile la Kilifi. Mimi nikasema la Tana pale Garissa, kwa sababu ule mto ukikasirika haubembelezwi. Garissa ndiko nilikula nyama ya ngamia mara ya kwanza, tumbo ikanisumbua wiki nzima, lakini hiyo ni habari ingine.

"Wewe madaraja yako yote ni ya chakula," akaniambia.

Lakini lile alilolipenda kabisa ni hili letu dogo, la barabara ya vumbi, hapo tu nje ya mji. Hata jina halina. Siku tulimaliza, lori la mawe likipita mara ya kwanza, Njuguna alisimama chini yake. Sisi watu wa madaraja tulikuwa na desturi hiyo: mbao ni zako, basi daraja ikianguka ikuangukie wewe kwanza. Alitoka na vumbi kichwani, anacheka.

Sasa, kura ilikuwa imepigwa siku chache nyuma. Tukaona moshi. Wambui, bibi ya Njuguna, akaja mbio bila viatu, akasema nyumba yao inachomwa, na watu wa kabila lao wanatafutwa mlango kwa mlango. Waliotoroka walikuwa wanakimbilia kanisa moja ng'ambo ya mto.

Tulipofika karibu na mto, vijana walikuwa wameshafunga lile daraja letu na mawe. Wako na panga na rungu.

Nikasema tushuke mtoni, maji ni kidogo. Njuguna akakataa.

"Hao wengine nimewapatia kibarua hapo hapo. Nitaongea na wao."

"Baba Kamau, twende chini," Wambui akasema.

"Chini nilisimama siku ile kwa heshima. Leo sipiti huko kama fisi. Hiyo daraja nimejenga mimi."

Akaenda. Alitembea katikati ya barabara, mikono wazi.

Mtoni kulikuwa na mama mmoja Mmaasai ananywesha mbuzi. Nikamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa, yeyo." Aliangalia Wambui, akaangalia daraja. Akavua shuka yake, akamfunika Wambui, akampa fimbo.

"Chunga," akasema.

Tukapita katikati ya mbuzi.

Nilisikia sauti ya Njuguna juu yetu. Alikuwa anaita mmoja wao kwa jina, pole pole, vile mtu huita jirani.

Kisha miguu mingi.

Kisha sikusikia sauti yake tena.

Wambui hakugeuka. Mimi pia sikugeuka. Mbuzi zilikuwa zinakunywa tu.

Tulimzika Njuguna kwao, wakati barabara zilifunguka. Watu husema waliofanya hivyo ni wageni, waliletwa na lori. Pengine wengine. Lakini lile jina Njuguna aliita nalijua. Nilienda nikalisema polisi. Wakaniuliza kama niliona kwa macho yangu. Sikuona. Nilikuwa chini.

Kijana mwenye hilo jina sasa ni mzee, ako na watoto na ng'ombe. Ndiye anatuletea maziwa, kwa sababu huku kwetu hakuna mwingine anauza. Anasalimia, nasalimia.

Wambui hututembelea kila Krismasi. Anajua maziwa ya chai yametoka kwa nani, nilimwambia mwenyewe. Anakunywa. Anaomba tumwongezee sukari.